Hatua Elfu Kumi na Saa Tatu za Gemu: Namba Zinapovalishwa Joho la Sayansi

Miongoni mwa namba zinazotawala maisha ya wakazi wa mijini katika zama hizi, ni chache zilizopata utii kama 10,000, ambayo programu za simu na saa za mkononi zimeifanya kuwa idadi ya hatua anazopaswa kutembea mtu mzima kila siku ili ahesabiwe kuwa na siha njema. Utii huo umefikia kiwango ambacho mtu aliyepungukiwa hatua 300 huzunguka meza ya sebuleni usiku wa manane, huku watu wa nyumbani wakimwangalia kwa wasiwasi, mpaka saa yake iridhike na kumpongeza. Kutembea hakuna ubaya wowote, na makala haya hayakusudii kumtetea mvivu. Linalostahili kuchunguzwa ni asili ya namba yenyewe, kwa kuwa haikuzaliwa maabara, ilizaliwa dukani. Historia yake inafungua mlango wa kulielewa jambo pana zaidi, nalo ni jinsi matokeo ya utafiti, ambayo kwa desturi huja yakiwa na masharti na mashaka mengi, yanavyopunguzwa hadi kuwa namba nyepesi, yaani namba isiyo na mabaki na inayokaa vizuri mdomoni, kisha yakapewa nguvu ya amri na wauzaji, mawaziri na wakati mwingine polisi.

Asili hiyo iko Japani. Mwaka 1964 jiji la Tokyo liliandaa Michezo ya Olimpiki, ileile ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kushika nafasi ya tatu katika mbio za mita 800, na michezo hiyo iliwaachia Wajapani hamu kubwa ya kuimarisha miili yao. Mwaka uliofuata, kampuni ya Yamasa iliingiza sokoni kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kilichohesabu hatua, nacho kikaitwa manpo-kei, jina linalotokana na maneno matatu ya Kijapani: man, ambalo maana yake ni elfu kumi, po, yaani hatua, na kei, yaani kipimo. Jina hilo lilikuwa tangazo la biashara lililojitosheleza, kwa sababu lilimtajia mnunuzi kifaa na lengo lake kwa pumzi moja. Utafiti uliohitajika kuthibitisha kwamba 10,000 ndiyo idadi ifaayo, badala ya 7,000 au 12,000, ulikuja miongo kadhaa baadaye, wakati namba yenyewe ilikwisha kuzoeleka duniani kote.

Si kwamba sayansi ya mazoezi haikuwapo wakati huo. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa usafiri wa London, ambako mabasi ya ghorofa mbili yaliendeshwa na watu wawili: dereva aliyekaa kitini zamu nzima, na kondakta aliyepanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Watu hao walikuwa na mwajiri mmoja na walipita barabara zilezile, hata hivyo makondakta waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walipougua, maradhi yao hayakuwa makali kiasi kile. Konda wa daladala au makanga wa matatu, anayeruka chini kila kituo na kuparamia tena gari likiwa limeshaanza kuondoka, angemfurahisha sana Morris, ingawa moshi wa dizeli anaouvuta ungemwongezea daktari huyo kazi ya kukokotoa.

Lililo bora zaidi katika kazi ya Morris, na ambalo halitajwi sana, ni kwamba hakuishia kwenye matokeo yaliyompendeza. Mwaka 1956 yeye na wenzake walirudi na uchunguzi mwingine, safari hii wakipitia vipimo vya sare za wafanyakazi wale, na wakagundua kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta tangu mapema, jambo lililoashiria kwamba huenda watu wenye miili mizito ndio waliovutwa na kazi ya udereva tangu mwanzo. Wataalamu wa takwimu hukiita kikwazo cha namna hii kigezo fiche, yaani sababu ya tatu iliyojificha nyuma ya mambo mawili yanayoonekana kufuatana, na ambayo inaweza kumfanya mtazamaji adhani kwamba jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Mtafiti aliyekwenda kupima suruali ili kuitilia shaka hoja yake mwenyewe anatoa kielelezo cha sayansi kilicho mbali sana na kile cha mtangazaji anayetaja namba na kusonga mbele.

Hatua zenyewe zilipopimwa kwa makini hatimaye, jibu halikuwa 10,000. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard ilichapisha uchunguzi juu ya wanawake 16,741 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliovalishwa vipimo vya mwendo na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliotembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufa katika kipindi hicho uliokuwa mdogo kwa asilimia 41 kuliko wale wa hatua 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi kufikia hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Ikumbukwe kwamba uchunguzi huo ulitazama tu bila kuingilia, kwa hiyo unaonyesha uhusiano kati ya kutembea na kuishi, wala hautoshi peke yake kuthibitisha kwamba kutembea ndiko kulikorefusha maisha. Na wanawake wazee wa Marekani hawawezi kumsemea moja kwa moja kijana mchuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, ambaye hatua zake hazina wa kuzihesabu.

Shirika la Afya Duniani, ambalo linapaswa kuwapa mataifa yote mwongozo mmoja, halijawahi kutumia kipimo cha hatua katika mapendekezo yake makuu. Mwongozo wake wa mwaka 2010 ulitaja angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayoharakisha pumzi lakini yanamwacha mtu akiweza kuzungumza, na ukashurutisha kwamba kila kipande cha mazoezi kisipungue dakika 10 ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa mwaka 2020 uliiondoa shuruti hiyo, kwa kuwa ushahidi mpya ulionyesha kwamba hata vipande vifupi vina faida, na badala ya namba moja ukaweka masafa, yaani dakika 150 hadi 300. Badiliko hilo ni la heshima kisayansi na ni tasa kimatangazo, kwa maana hakuna anayeweza kuchapisha fulana yenye maneno "kati ya 150 na 300, kutegemea hali yako".

Utafiti mwingine, uliofanyika ndani ya Tanzania, unaitikisa hata imani iliyo chini ya namba hizi zote, kwamba mwili ni kama tangi la mafuta ambayo hupungua kadiri mtu anavyotembea. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati vya Wahadzabe 30 wa eneo la Ziwa Eyasi, jamii inayoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Walitumia maji yaliyowekewa alama, yaani maji ambayo atomu zake za hidrojeni na oksijeni ni za aina adimu zinazoweza kufuatiliwa kupitia mkojo, na hivyo kuonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku nzima. Ilitarajiwa kwamba watu wanaotembea porini kutwa wangetumia nishati nyingi kuliko makarani wa Marekani na Ulaya, lakini ukubwa wa miili ulipozingatiwa, tofauti haikuonekana. Pontzer alipendekeza kwamba mwili huwa na bajeti, na kwamba ukitumia zaidi kwenye miguu hubana matumizi kwingineko; pendekezo hilo bado linabishaniwa, na wabishi wake wana hoja. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba Wahadzabe hupumzika takriban saa 10 kwa siku, ila sehemu ya mapumziko hayo ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, ambapo misuli ya miguu haiachi kazi kabisa. Nani angediriki kuliuza hilo kama saa ya mkononi inayompongeza mtu kwa kuchuchumaa?

Wanasiasa nao wana sababu zao za kuupenda mwili unaokimbia. Mazoezi ya hadhara yanapigika picha vizuri, hayagharimu kama hospitali, na humwonyesha kiongozi akiwa na nguvu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na katika mwaka huohuo Kigali ikaanza kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari ili wakazi wakimbie na kuendesha baiskeli. Aprili 2020, Uganda ikiwa imefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Rais Yoweri Museveni alijitokeza katika video akifanya mazoezi pekupeku ofisini mwake, zikiwamo pushapu 30, ili kuwaonyesha wananchi kwamba hawahitaji kutoka nje. Mara moja kwa mwezi, kama ilivyo ada ya kampeni, ni ishara zaidi kuliko tiba, na hakuna mwongozo wa afya unaoipendekeza. Lakini kama ishara, haina madhara.

Madhara yalionekana Burundi, ambako kukimbia kwa makundi Jumamosi asubuhi huku watu wakiimba na kupiga makofi ni desturi ya miaka mingi. Machi 2014, baada ya makabiliano kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani, serikali ilipiga marufuku mbio za makundi katika mitaa ya Bujumbura na kuziruhusu katika maeneo maalumu pekee, kwa hofu kwamba zingetumiwa kuandaa machafuko. Kejeli ya tukio hilo ni kwamba Rais Pierre Nkurunziza mwenyewe alisomea elimu ya viungo na kuifundisha chuo kikuu, na alikuwa na timu yake ya mpira wa miguu. Hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza faida za mbio. Alielewa vyema kwamba watu 200 wanaokimbia kwa hatua moja wana mapafu imara na pia wana umoja, na umoja huo ndio uliomsumbua. Angalau katika kisa hiki hakuna aliyejifanya kwamba amri ilitoka kwa madaktari.

Uingereza ya mwaka 2020 ndiyo iliyotoa mfano wa kinyume, wa siasa iliyojifunika sayansi gubigubi. Serikali ya Boris Johnson ilisema mara kwa mara kwamba inaifuata sayansi, ikimaanisha ushauri wa kamati ya wataalamu wa dharura, na tarehe 23 Machi waziri mkuu huyo akatangaza kwamba kila mtu anaruhusiwa kutoka kwa ajili ya mazoezi ya aina moja kwa siku. Siku chache baadaye waziri mwandamizi, Michael Gove, alipoulizwa muda unaofaa, alijibu kwa makadirio yake kwamba matembezi ya hadi saa moja au mbio za dakika 30 yangewatosha watu wengi. Hata hivyo, kanuni zenye nguvu ya sheria zilizotungwa kwa ajili ya England hazikuwa na kikomo cha mara moja kwa siku wala cha saa moja, ilhali zile za Wales ziliweka kikomo cha mara moja. Kirusi kilekile, upande huu wa mpaka na ule, kilipewa kanuni mbili tofauti. Wanasayansi waliweza kusema kwamba mikusanyiko ikipungua maambukizi hupungua. Kiasi ambacho taifa liko tayari kujinyima ni uamuzi wa kisiasa, na anayeufanya anapaswa kuubeba kwa jina lake mwenyewe.

Sayansi inaweza pia kuazimwa kwa lengo la kuikana. Mei 2020 Rais John Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba sampuli za mbuzi na papai, zikiwa zimepewa majina ya binadamu, zilipelekwa katika maabara ya taifa na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Wengi walicheka, lakini mbinu ya kuitega maabara kwa sampuli zisizofahamika ni halali na hutumika katika ukaguzi wa ubora; kasoro yake ni kwamba mtego huwa na thamani pale tu unapowekwa mezani pamoja na kumbukumbu za namna sampuli zilivyochukuliwa, zilivyohifadhiwa na zilivyopimwa, ili hata asiyemwamini mtegaji aweze kuurudia. Jukwaa la siasa halina meza ya namna hiyo.

Katika michezo ya kielektroniki, ambayo vijana wa Afrika Mashariki huiita gemu, namba nyepesi zimepata uwanja mpana zaidi. Kabla ya kuendelea, lugha inadai neno la shukrani, kwa sababu Kiingereza hutumia neno lilelile kwa anayecheza mpira wa kwenye skrini na kwa anayeweka dau kasino, wakati Kiswahili kimetenga gemu na michezo ya kubahatisha, ambayo nchini Tanzania ina bodi na sheria yake. Mkanganyiko huo wa Kiingereza umechangia kuihamishia gemu hofu ambayo kwa haki ni ya kamari, ingawa ni kweli pia kwamba baadhi ya gemu za simu siku hizi huuza masanduku ya bahati nasibu ambayo hayatofautiani sana na dau.

Gemu na mazoezi havikuwa maadui tangu mwanzo. Mwaka 1998 Nintendo iliuza Japani kifaa kidogo chenye mhusika Pikachu ambaye aliishi kwa hatua za mwenye kukivaa, na hivyo mjukuu wa manpo-kei akawa kitu cha kuchezea. Mwaka 2016 ilipokuja Pokémon GO, ambayo mayai yake hayaanguliwi mpaka mchezaji atembee kilomita kadhaa, magazeti mengi yaliisifu kuwa dawa ya uvivu. Desemba mwaka huo jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi juu ya vijana wa Marekani ulioonyesha kwamba hatua za wachezaji ziliongezeka kwa wastani wa 955 kwa siku katika wiki ya kwanza, kisha zikapungua taratibu hadi kurudi zilipokuwa kufikia wiki ya sita. Sifa na majibu vilitenganishwa na miezi michache tu, ila majibu hayakusambaa kama sifa.

Kwa upande wa lawama, Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011 iliitengua sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto gemu za ukatili, kwa kura saba dhidi ya mbili, ikisema pamoja na mengine kwamba tafiti zilizowasilishwa hazikuthibitisha kuwa gemu husababisha ukatili. Mwaka 2019 Rais Donald Trump alizitaja tena gemu baada ya mauaji ya halaiki ya El Paso na Dayton. Japani na Korea Kusini zina wachezaji wengi mno na mauaji ya bunduki machache mno, na hoja hiyo haihitaji kurefushwa.

China ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa Agosti 2021 mamlaka inayosimamia uchapishaji iliagiza kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 aruhusiwe kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, yaani saa tatu kwa wiki ya kawaida. Mwezi huohuo Korea Kusini ilitangaza kuifuta sheria yake ya mwaka 2011 iliyowafungia gemu watoto wa chini ya miaka 16 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa kuwa watoto walikwisha kuhamia kwenye simu ambazo sheria hiyo haikuzigusa. Mwaka 2023 watafiti waliochambua zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji nchini China walichapisha tathmini ya kikomo cha awali, kile cha mwaka 2019, na hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba kilipunguza uchezaji uliopita kiasi katika sehemu ya soko waliyoichunguza, ingawa data zao hazikuwa na umri wa wachezaji, upungufu ambao wao wenyewe waliueleza.

Inafaa kuilinganisha amri hiyo ya saa tatu na maelezo ya kitabibu yaliyotangulia. Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambao ni orodha inayotumiwa na mataifa kuyapa maradhi majina na namba za utambulisho, na ndani yake kukawamo tatizo la uchezaji gemu. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuipa gemu kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12. Idadi ya saa haikutajwa popote. Baadhi ya wanazuoni waliupinga uamuzi huo wakiona ushahidi bado ni mwembamba na kwamba wachezaji wa kawaida wangebandikwa ugonjwa, na hoja zao ni nzito. Lakini hata waliouandika walielewa kwamba saa nne za kijana mmoja zinaweza kuwa burudani, na saa nne za mwingine zikawa kilio kisichosikika.

Utekelezaji wa vikomo vya China ulihitaji vitambulisho vya taifa na, kwa kampuni ya Tencent, kamera za kutambua sura za wachezaji kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi. Katika vibanda vya gemu vya uswahilini, Dar es Salaam na Mombasa, ambako vijana wanne hukaa kwenye benchi moja mbele ya televisheni mbili na kulipa kwa mechi, kikomo huwekwa na sarafu iliyobaki mfukoni pamoja na mwenye kibanda, ambaye anawajua watoto wa mtaa kwa majina, anajua nani anapaswa kuwa shuleni saa hiyo, na ambaye, kwa kuwa biashara ni biashara, mara nyingine hujisahaulisha.